Unga wa Mbegu za Zabibu na Vidonge vya Mama

Shikamoo mama mshauri. Gazeti lako hunifikia likiwa limefungia maandazi, mara nyingi la wiki mbili tatu nyuma na limelowa mafuta, lakini kipande chenye majibu yako hukitafuta kabla ya andazi lenyewe, na kwa kuwa nimeona huwafokei watu bure nimeamua kukufungulia moyo wangu, maana hapa nilipo sina wa kumweleza jambo hili asinicheke au asinitangaze.

Naitwa Habibu. Kwetu ni Kondoa, milimani, nyuma ya Kolo, na shule niliishia darasa la sita baba alipofariki. Nafanya kibarua kwenye shamba la zabibu nje ya Dodoma, kupalilia, kufunga matawi kwenye nyaya, kupulizia dawa, na msimu wa mavuno wanatuhamishia kiwandani, hapo hapo kando ya shamba, kuzoa machicha, yaani yale maganda na mbegu zinazobaki mvinyo ukishakamuliwa. Nyumbani wanajua nafanya kazi shamba la matunda, na si uongo, zabibu ni tunda, ila habari ya mvinyo sijawahi kuigusa mbele ya mama yangu, Bi Zaitun, mwanamke ambaye tangu nimepata akili sijaona swala ikimpita.

Nataka ujue kwanza jinsi mahali hapa palivyo, usije ukanidhania mtu wa tamaa. Adhuhuri jua likisimama hakuna anayeweza kuinua jembe, tunalala katikati ya mistari ya mizabibu, vumbi jekundu linatembea juu yetu polepole kama mtu anayepita asitake kutuamsha, majani yanapiga kivuli chenye matundu, na mtu mwenye kuchoka akitazama juu kwa muda haelewi tena kama amelala au yuko macho. Mimi nimechoka, mama. Kuchoka kwangu si kwa jana. Magoti yanalia, macho yana mchanga, na asubuhi nikiamka najisikia kama niliyefanya kazi usingizini.

Basi Jumapili moja nikapata kazi ya kubeba viti kwenye shule moja ya msingi hapa mjini, kulikuwa na mkutano wa dada mmoja aitwaye Tumsifu, mpiga chapa anayekuja na watu wa Bunge, kisha Bunge likifungwa yeye hubaki siku chache akauza vichupa vya vidonge kutoka nje, maana siku hizi kila kitu kinaingia, hata cha kurefusha maisha. Nilipomaliza viti nikasimama mlangoni. Dada yule anajua kuongea. Akauliza, "Ndugu zangu, jembe likiachwa nje linafanya nini?"

Mzee mmoja nyuma akajibu, "Linaibiwa."

Watu wakacheka, naye akacheka. "Lisipoibiwa, mzee wangu?"

"Hapo litashika kutu."

"Basi na mwili ni hivyo hivyo. Unashika kutu kwa ndani. Kwenye mishipa, kwenye macho, kwenye moyo. Uchovu mnaousikia si uzee, ni kutu."

Akatoa tufaha, haya ya Afrika Kusini yanayouzwa stendi, akalikata vipande viwili, kimoja akakinyunyizia unga wa kidonge chake na kingine akakiacha. Tukangoja. Kilichoachwa kikageuka rangi ya udongo, kile kingine kikabaki kama kilivyokatwa. Mama mshauri, mimi nilikitazama kile kipande cheupe mpaka nikasahau kuwa nimesimama. Nikamwona mama yangu mle. Nikaona mishipa yake, maana mama ana presha ya siku nyingi na anameza vidonge vya hospitali. Ndipo mtu mmoja akauliza dawa hii imetengenezwa na nini, na dada Tumsifu akasema, mbegu za zabibu.

Nilicheka peke yangu pale mlangoni. Mbegu za zabibu mimi nazizoa kwa beleshi. Tunawapelekea nguruwe wa jirani.

Vile vichupa sikuvigusa, havikuwa vya mtu kama mimi. Lakini kesho yake nilibeba machicha kwenye gunia, yale ya zabibu nyekundu, ambayo hukaa kwanza na maji yake kwenye tangi mpaka yachachuke ndipo hukamuliwa, nikayaosha kwenye pipa, nikayaanika juu ya bati, nikapepeta kwa ungo mpaka mbegu zikabaki, na maganda nayo kidogo kwa sababu yanang'ang'ania, halafu nikaazima kinu cha Loisi, mke wa Mazengo, Mgogo tunayefanya naye kazi. Mazengo akakaa akanitazama ninavyotwanga.

"Mrangi, sasa unataka kutulisha chakula cha nguruwe?"

"Ni dawa hii, bwana. Inatoa kutu."

"Ikitoa kutu nipe nipake baiskeli."

Loisi akanusa ule mchi. "Kinu changu kimelewa, Habibu. Ukimaliza ukioshe, nisije nikapika ugali watoto wakaimba."

Nilitwanga, nikachekecha kwa kitambaa, ukatoka unga wa zambarau mzuri kama udongo wa mahali ambapo mvua imenyesha. Nilianza mwenyewe. Kijiko kwenye maji, adhuhuri, kabla ya kujilaza chini ya mizabibu. Mama mshauri, siku ile nililala kama mtoto mgongoni. Nikaota niko kwetu, kwenye korongo la mchanga chini ya nyumba, asubuhi ya ukungu, na mama yuko ng'ambo ana kanga aliyokuwa nayo nikiwa mdogo, ile ya madoa ya njano, bado kijana, mgongo haujapinda. Ananitazama, anafungua kinywa, ananiambia neno, lakini sauti haitoki, midomo inacheza tu na ukungu unapita katikati yetu. Wala sikuona ubaya. Nilijisikia raha, kama mtu anayesikia redio ya jirani bila kujua lugha yake. Nilipoamka vumbi lilikuwa limenifunika mikono na uchovu umenitoka. Tangu hapo ndoto ile huja karibu kila ninapokunywa, korongo lile lile, mama yule yule, na mimi nimeanza kuingoja adhuhuri kama mtu anayengoja mgeni.

Nikasema raha hii siwezi kuila peke yangu. Binamu yangu Athuman huja Dodoma na basi kuuza maharage, nikampa unga kwenye mfuko ampelekee mama, kijiko kabla ya kulala. Nikamwambia amwambie mama unasafisha mishipa, ni wa zabibu. Sikusema zaidi. Na mama aliposikia zabibu alifurahi, Athuman ananiambia alifurahi mpaka akasimama, kwa sababu zabibu anazozijua yeye ni zile kavu ambazo mahujaji hurudi nazo kutoka Makka, wanagawa moja moja mkononi.

Safari iliyofuata Athuman akaja anacheka. "Ndugu yangu, umekuwa mganga. Mama anasema unga wako umemrudishia usingizi. Vile vidonge vya hospitali vilikuwa vinamwamsha kwenda msalani kila saa, sasa amevitia kwenye kopo, amefunika, amesema mwanangu kaniletea dawa isiyonisumbua."

"Ameviacha kabisa?"

"Kabisa. Na kina mama wa maulidi amewaonjesha. Wanauliza utaleta lini mwingine."

Akaendelea kunipa habari za nyumbani, mbuzi amezaa, paa la jikoni limevuja, dada yangu Joha anasema juzi mama alikuwa anakoroga uji bakuli likamtoka mkono wa kushoto, mkono ukawa mzito mpaka jioni kisha ukarudi, wakasema ni uchovu wa kupepeta, na mchana anasinzia barazani anaongea na marehemu baba, anatabasamu. Mimi nikafikiri, basi naye anaota kama mimi. Nikafurahi kwamba sisi wawili tunakutana korongoni, yeye kwa huko na mimi kwa huku.

Lakini baada ya Athuman kuondoka furaha haikukaa. Nikifikiri vile vidonge kwenye kopo, moyo unakuwa mzito. Natamani kumtumia neno arudie dawa zake, lakini ataniuliza, kwani unga wako una nini, na nikiufungua mdomo itabidi niseme yote, kwamba ule unga ni machicha ya mvinyo, kwamba amewalisha na kina mama wa maulidi, na mama yangu nikimjua hatanilaani, atanyamaza, na hatakula tena kitu kilichotoka mkononi mwangu mpaka mmoja wetu aingie kaburini. Nikikaa kimya naye vidonge harudii.

Kwa hiyo nimepata wazo na ndilo nakuuliza. Nimefikiri kununua vidonge vya presha hapa mjini, maduka ya dawa ni mengi siku hizi na hawaulizi sana, nivisage, nivichanganye kwenye unga wa zabibu, nimtumie. Atameza dawa yake bila kujua, usingizi wake atabaki nao, na mimi nitabaki mwanawe. Je, nipime kiasi gani kwenye kijiko? Na je, ni kweli mbegu za zabibu zinatoa kutu mwilini, au yule dada alinidanganya?

Naomba unijibu kwa upole, nimechoka.

Habibu, shamba la zabibu, Dodoma.


JIBU

Marahaba mwanangu Habibu.

Umesema gazeti hukufikia na maandazi, wiki mbili tatu baadaye. Mimi maandazi hayo siwezi kuyangoja. Nakala ya jibu hili nimempa muuza magazeti wetu wa stendi ya Dodoma akuletee shambani kwa mkono, na nimemwambia asikubali kurudi mpaka amekuona ukiisoma. Hapa naichapa kwa ajili ya wengine wenye mama zao.

Kwanza jibu la swali lako. Hakuna kiasi. Usisage kidonge hata kimoja. Hujui mama anameza dawa ipi, na kijiko chako kimoja kinaweza kubeba vidonge vitatu na kingine kisibebe hata chembe. Kisha wale kina mama wa maulidi, mwanangu, umewasahau? Mama yako ana mkono wa kugawa. Utamshusha presha mwanamke ambaye presha yake haijawahi kupanda, azimie msikitini, nawe uko Dodoma chini ya kivuli unaota.

Sasa nisikilize. Umeniandikia ndoto kwa mistari mingi, nami nimeisoma yote, na nakiri ni nzuri. Lakini bakuli la uji umeliweka katikati ya mbuzi na paa linalovuja. Mkono wa kushoto kuwa mzito mpaka jioni kisha ukarudi, kwa mtu mwenye presha aliyeacha dawa, si uchovu wa kupepeta. Hiyo ni damu kugoma kufika kichwani, na ikigoma mara moja hupenda kurudia, na mara ya pili huenda isirudishe mkono. Umelala juu ya bakuli hilo na ukafurahi. Sikulaumu sana, maana najua mtu aliyechoka hushika kile kinachompumzisha. Ila sasa amka.

Kuhusu dada Tumsifu, hakukudanganya yote. Nimemuuliza daktari ninayemwamini. Anasema mbegu za zabibu zina kitu kinachosaidia kuzuia mwili usichakae upesi, na maganda yake pia, na si zabibu tu, hata mchicha, nyanya, ubuyu, karanga na ngozi yake nyekundu. Wataalamu wanaendelea kupima faida yake, na pengine ipo, ndogo ndogo, kwa mtu anayekula vizuri. Lakini hakuna daktari anayeiweka mahali pa dawa ya presha. Hata kwenye vichupa vile mara nyingi wameandika hivyo chini kabisa, kwa Kiingereza na kwa herufi za kuumiza macho, kwamba si dawa ya kutibu ugonjwa. Kile kipande cha tufaha, nenda ukakikamulie ndimu utaona kinabaki cheupe vile vile, na hakuna anayeacha dawa za presha kwa sababu ya ndimu. Tena anasema mbegu hizo zikikolea zinaweza kuifanya damu iwe nyepesi, kwa hiyo anayetumia dawa nyingine lazima amwambie daktari kwanza.

Na unga wako wewe si wa kichupa. Wewe mwenyewe ndiye unayepulizia shamba lile. Unajua ule mrututu wa bluu unaobaki kwenye majani, na ile salfa inayokuwasha macho. Umetwanga na maganda. Hukujiuliza hayo uliyoyaosha mara moja kwenye pipa yametoka na nini? Loisi alikuambia ukioshe kinu, ungemsikiliza zaidi ya hapo.

Usingizi wako nao usiupe unga sifa. Umekuwa ukifanya kazi kama punda na ghafla ukajipa ruhusa ya kulala vizuri, na kabla ya kulala unamfikiria mama. Mtu wa namna hiyo hata akinywa maji matupu ataota kwao. Mama naye analala kwa sababu haamki tena kwenda msalani, na kuamka kule kulikuwa kazi ya dawa, kumpunguzia maji mwilini. Hilo lina tiba nyepesi, daktari anaweza kumpangia ameze asubuhi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Muulizie wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Omba ruhusa leo, na wakikunyima ondoka, machicha yatazolewa na mwingine. Panda basi la Kondoa. Ukifika usikae kwanza barazani kusalimiana na kijiji. Muulize Joha kama kinywa cha mama kimepinda, kama maneno yanamtoka sawasawa, kama mkono umelegea tena. Ikiwa lolote lipo, tafuteni gari muda ule ule, msingoje asubuhi. Ikiwa halipo, mpeleke hospitali siku inayofuata, na kopo la vidonge mkononi, na huo unga pia, umwonyeshe daktari usifiche kitu. Asianze tena kumeza kwa kukisia, apimwe kwanza. Unga uliobaki, wa kwako na wa kwake, mwaga.

Kisha utamwambia ukweli. Wote. Umwambie ni machicha, umwambie ni ya mvinyo, umwambie unafanya kazi wapi. Mambo ya halali na haramu mimi siyaamui, nenda naye kwa shehe mnayemwamini, na mimi nadhani atakuambia kwamba asiyejua hahesabiwi kama anayejua. Kina mama wa maulidi mwambie mama awaeleze mwenyewe, atajua namna. Unaogopa atanyamaza. Anaweza kunyamaza. Mwache anyamaze, wewe kaa pale pale jikoni, mpikie uji, mshikie bakuli. Mwanangu, kunyamaza kwa mama aliye hai ni kitu ambacho watu wengi wanaoniandikia wangekilipia kwa chochote walicho nacho.

Umeniomba upole. Huu ndio nilionao, na wa mwisho ni huu. Sijui kuagua ndoto, na anayekuambia anajua mkimbie. Lakini nimesoma ile yako ya korongoni mara kadhaa, mama ng'ambo anafungua kinywa na sauti haitoki, nikamkumbuka jirani yangu wa Mlali. Presha yake ilianza na mkono, tukasema uchovu. Baadaye ilichukua ulimi. Aliishi miaka baada ya hapo, anatutazama, midomo inacheza, na hakuna aliyejua tena alichokuwa anataka kusema.

Mama yako bado anaongea. Nenda ukamsikie.